Namba za Pembeni

Nsambya, Kampala
7 Februari 1999

Mjomba Odero,

Salamu zitakuja baadaye. Leo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu karatasi itaisha kabla sijathubutu.

Lile neno UVUMBUZI nililoliweka katika barua ya mwaka mpya halikutoka kichwani mwangu. Lilitoka kwenye kompyuta.

Nimeandika. Nimeenda kunywa maji, nimerudi, na bado limeandikwa.

Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule mbili, na mguu wake umevimba kwa kukanyaga cherehani, lakini anaimba. Baba yuko safarini na lori, hatujamwona tangu Januari ianze. Matokeo yangu ya mtihani bado. Kwa sasa nafanya kazi kwa Ambroise, Mkongo wa Bukavu mwenye chumba cha kompyuta karibu na kambi ya polisi. Napiga chapa barua za watu. Jana askari mmoja aliniambia, "Wewe mutoto, balua yangu iwe na maneno makubwa, afande aogope." Nikampa maneno makubwa. Unajua mimi huwa sipingani na mtu.

Ambroise ana programu inayocheza mchezo kama wetu. Aliponikuta na vipande vyangu vya karatasi vimepangwa karibu na kibodi, akaniuliza ni nini. Nikamweleza, kwa sauti ndogo, kwamba Mjomba wangu alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda cha uchapaji hapa Kampala, kwamba alichonga seti ya herufi za mbao kwa Kiswahili, A nyingi kwa sababu kiwandani A ndizo zilizokuwa zikiisha kwanza, na kwamba tangu astaafu na kurudi Ugunja tunacheza kwa barua. Nikamwambia mke wa Mjomba, Anti Rosalba, ndiye anayechomoa herufi zangu kwenye mfuko, anaziandika na kuifunga karatasi kwa uji wa ugali ili usichungulie. Nikamwambia na sheria yako: hakuna neno bila sentensi. Anayeweka neno lazima aseme kitu cha kweli kwa neno hilo, kuhusu mtu au kitu tunachokijua.

Ambroise akasema, "Dada Akeyo, hii programu haijuaka luga. Inajuaka liste tu. Ukiipatia maneno ya Kifaransa, inakuwa Mufaransa. Ipatie maneno yenu, itakuwa muntu wa kwenu."

Basi nikaipa. Kila asubuhi kabla ya wateja nilipiga chapa kamusi yetu ile isiyo na jalada, kuanzia A. Nilimaliza Z siku mbili kabla ya Krismasi. Nilikuwa na B, M, V, Z na U tatu. Siku tisa nilikuwa nimezitazama herufi hizo kama mawe kwenye mchele. Nikaziingiza, nikabonyeza.

Mjomba, nilitegemea ifikirie. Hata wewe huwa unafikiri, unakuna sikio. Kidole changu kilikuwa bado kiko kwenye kitufe, na orodha imeshajaa skrini yote, na juu kabisa UVUMBUZI, likiishia kwenye I ya neno lako CHAI. Pointi themanini na sita. Neno lilikuwa pale siku zote tisa. Lilikuwa limelala mbele yangu kama mtu aliyejifunika shuka. Nilipotazama chini nikakuta nimevua kandambili, na sikumbuki kuzivua.

Sikukusudia kulituma. Lakini ulisema mshindi wa mchezo huu ndiye atakayekaa na herufi za mbao, na Mama ameshazishonea mfuko kwa kipande cha sare ya bluu, umening'inia juu ya cherehani. Ninazitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikalituma. Na kwa kuwa halikuwa langu, sikuwa na cha kusema juu yake. Sentensi niliyokuandikia ilikuwa "Uvumbuzi ni jambo jema." Naionea aibu mpaka leo.

Niambie nifanye nini. Barua hii nampa Akot, yule muuza mukene, dagaa wa Ggaba, atavuka nayo mpakani Busia aingie Kenya.

Mpwa wako,
Akeyo


Ugunja
11 Aprili 1999

Mpwa wangu Akeyo,

Barua yako ilifika ikinuka omena, nikajua Akot aliibeba kwa mkono wake mwenyewe. Hapa tuko. Anti yako alilazwa na malaria wiki mbili. Sasa ameamka na anagombana na kuku kama kawaida, kwa hiyo amepona. Paa la jikoni linavuja. Mahindi yameota vizuri upande wa mtoni, upande wa barabara yametafunwa na ng'ombe wa jirani, ambaye anasema ng'ombe wake hali mahindi.

Nimechelewa kujibu. Mvua ilikuwa nyingi.

UVUMBUZI nimeliondoa ubaoni. Herufi zako ni zilezile saba. Cheza.

Hiyo mashine, hebu niambie: inayasoma maneno kutoka kushoto? Sisi kiwandani tulipanga kinyume, kichwa chini, kama kwenye kioo. Mtoto mpya alichukua mwaka mzima kabla macho yake hayajakubali. Na yenyewe imejifunza kwa siku ngapi? Umesema ulipiga chapa kamusi nzima. Basi aliyejifunza ni wewe.

Jambo dogo. Chini ya kitanda nilichokuwa nikilalia kuna madaftari ya bluu, kumi na moja, ya michezo yetu ya zamani. Hayana kazi tena. Mwambie mama yako awashie jiko lake la mkaa, ile sigiri.

Anti anakusalimu. Anasema U tatu si kosa lake, mkono ulichomoa wenyewe.

Odero


Nsambya
2 Mei 1999

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa Anti. Mama ametuma kitambaa cha kichwa, kimefungwa ndani ya gazeti. Akot ameapa hatakiweka karibu na samaki. Baba alirudi, akalala siku mbili, akaondoka. Matokeo yametoka na nimefaulu, si kwa kishindo, lakini nimefaulu. Mama aliwaambia wateja wote, kisha kama kawaida akaongezea: "Huyu ndiye aliyemshinda mjomba wake mpangaji wa herufi, akiwa na miaka kumi na tatu tu!" Mjomba, anamwambia kila anayekuja kupimwa kiuno.

Neno langu: VUMBI, kwenye I ileile ya CHAI. Pointi kumi na nane. Sentensi: Vumbi la barabara ya Ggaba limeingia kwenye cherehani ya Mama, naye amelitukana kwa Kijaluo mpaka likatoka.

Na kuna la pili. Sikuyachoma madaftari. Niliyabeba kwa Ambroise. Nilitaka kukufurahisha. Kwa kuwa ulikuwa ukiandika herufi zako zote kila zamu, niliona naweza kuiuliza mashine: Mjomba angeweza kuweka nini, na aliweka nini? Nilikuwa na hakika majibu yatafanana, kisha nikuandikie kwamba ulikuwa kompyuta kabla ya kompyuta.

Nilianza na mchezo wa 11 Desemba 1994. Unajua kwa nini. Ndio mchezo niliokushinda, Mama akaleta soda, ukanivalisha kofia yako.

Zamu yako ya mwisho ulikuwa na K, I, T, A, N, D, A. Mashine ikasema KITANDA. Mjomba, hata mimi niliona. Hata Ambroise aliona, na alikuwa amesimama mlangoni na mandazi mdomoni. Zilikuwa zimekaa kwenye daftari kwa mpangilio huohuo, zikisubiri kusukumwa tu. Wewe uliweka TAKA. Ukaacha A ya mwisho wazi, karibu na kile kisanduku chekundu kinachozidisha mara tatu. Nami nikaweka KUSEMA nikashinda.

Nikafungua ukurasa mwingine. Na mwingine. Mashine haichoki. Katika daftari la kwanza peke yake uliacha pointi mia tatu arobaini mezani. Kila mara uliweka neno dogo, na kila mara pembeni yake palibaki nafasi pana, kama mtu anayesogea kwenye benchi.

Na ziko zile namba za pembeni ambazo hazilingani na pointi zozote. Mbele ya maneno yangu tu. Moja. Moja. Mbili. Ambroise anasema, "Muzee alikosea hesabu." Mimi sijawahi kuona ukikosea hesabu.

Sijalia. Lakini maisha yangu yote nimekuwa na kitu kimoja tu nilichokishinda. Nikiingia mahali penye watu nakishika moyoni, kama mtu anavyoshika ufunguo mfukoni. Sasa naambiwa nilipewa kama peremende.

Nakuomba jambo moja. Mchezo huu usinionee huruma. Nikizipata herufi za mbao, nizipate kweli. Nikizikosa, nizikose kweli.

Akeyo


Ugunja
24 Juni 1999

Mpwa wangu,

Kitambaa kimefika, na kinanuka samaki kidogo tu. Anti amekivaa kanisani wiki tatu mfululizo. Jirani amekubali kwamba ng'ombe hula mahindi, ila si yake. Hongera kwa mtihani. Nilimwonyesha mwalimu mkuu wa hapa barua yako, ukurasa wa kwanza tu.

KITANDA nilikiona. Nilipanga herufi miaka ishirini na saba. Kitanda ningekiona hata nikiwa nimelala juu yake.

Hayo mengine yamepita. Namba za pembeni si za mchezo. Nilisema sigiri.

Umeomba nisikuonee huruma. Sawa. Chukua hii: KUZIBA, imekaa juu ya kisanduku chekundu, na njia yako ya kulia imefungwa. Sentensi: Juzi nilipanda kuziba tundu la paa, Rosalba akaondoa ngazi akidhani nimeshashuka, nikakaa juu mpaka watu wakatoka sokoni.

Herufi zako nne ziko kwenye karatasi iliyofungwa. Mfuko wetu umebaki mwepesi.

Odero


Nsambya
18 Julai 1999

Mjomba,

Shikamoo wewe, shikamoo Anti Rosalba. Mama alicheka kuhusu ngazi mpaka akajidunga sindano. Tuko salama. Ambroise amenipa ufunguo wa chumba, sasa ndimi ninayefungua asubuhi.

Nimezijua namba.

Si mashine iliyonionyesha. Niliiuliza kwa njia zote nilizoweza. Nilijumlisha, nikatoa, Ambroise akajaribu kuzidisha. Haikujua, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa kwenye ubao.

Ijumaa Mama alichukua daftari la pili ili aweke sigiri sawa, maana mguu wake mmoja umekatika, na nilipotaka kulinyakua likafunguka mikononi mwake. Akasoma kwa sauti ule mwandiko wako mdogo wa kiwandani: "'Kuku wetu anajua Kiingereza kuliko mimi.' Hee! Akeyo, wewe ndiye uliyesema hivi!" Akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama. Kuku, wetu, anajua, Kiingereza, kuliko, mimi. Nilihesabu kwa vidole. Sita. Pembeni uliandika 6.

Nikakaa sakafuni na madaftari yote.

Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyokuwa. Labda nilichagua kusahau. Mwaka ule tulipohamia Kampala nikiwa na miaka kumi na moja, darasa zima lilicheka nilipojaribu Luganda, nikafunga mdomo. Kwanza shuleni, kisha hata nyumbani. Nilikuwa naonyesha kwa kidole: maji, chumvi, mlango. Mama alinipeleka kuombewa. Na wewe, uliyekuwa ukiishi nasi na kurudi kazini jioni na wino kwenye kucha, ukachonga herufi za mbao, ukaweka ubao mezani, ukasema kuna sheria moja: hakuna neno bila sentensi.

Siku tatu za kwanza umeandika sifuri. Niliweka maneno nikakutazama tu, nawe ukaendelea kucheza. Siku ya nne niliweka JIWE. Ukaniuliza, "Sentensi?" Nikasema, "Jiwe." Uliandika 1, na karatasi pale imetoboka kwa jinsi ulivyokandamiza kalamu.

Kisha mbili. Tatu. Nne kwa wiki nzima. Naona sasa kwa nini maneno yako yalikuwa madogo na nafasi zikawa pana. Ulinipa mahali pa kuweka maneno marefu, kwa sababu neno refu lilinidai maneno ya kulisindikiza. Na 11 Desemba 1994, mbele ya KUSEMA, uliandika sentensi yangu: "Naweza kusema mbele ya darasa zima, lakini wakinicheka nitanyamaza tena mpaka Krismasi." Kumi na mbili. Umeizungushia duara mara mbili.

Mjomba, mashine hii inaniogopesha bado kwa uzuri. Kila asubuhi naiwasha kama mtu anayebisha hodi. Inapitia maelfu ya maneno kabla sijapepesa jicho, na haijawahi kukosa lile kubwa kuliko yote. Lakini wewe uliliona lile kubwa, ukaliacha, jioni baada ya jioni, miaka mitano, na uso wako haukubadilika hata mara moja. Sijui hiyo programu inaandikwaje. Nikifikiria hilo navua kandambili tena.

Sikuulizi kama nimekosea. Najua utaniambia habari za mvua.

Neno langu: KUUZA. Pointi ishirini na mbili, nimelitafuta siku kumi na mbili bila msaada wowote. Sentensi: Mwalimu mmoja alitaka mfuko wa bluu unaoning'inia juu ya cherehani, Mama akakataa kuuza, akamwambia una mwenyewe anakuja kutoka Ugunja.

Akeyo


Ugunja
22 Agosti 1999

Nyathina, mtoto wangu Akeyo,

Hapa mvua imekwisha, kwa hiyo sina la kusingizia. Anti ni mzima. Paa halivuji. Kuku watatu wameibwa na mtu anayewajua, kwa sababu hawakupiga kelele.

Nilisoma barua yako nikiwa nje, nikaingia ndani, nikatoka tena. Kuna kumbukumbu moja tu umekosea. Ile siku ya nne sikukuuliza "Sentensi?" Nilikuwa nimeshachoka kuuliza. Ulisema mwenyewe.

Hilo limetosha.

Mfuko umeisha. Hili ndilo neno langu la mwisho: MPWA. Sentensi: Mpwa wangu haachiwi tena nafasi. Nimehesabu mara mbili, Anti amehesabu mara ya tatu. Nimekushinda kwa pointi tisa. Ulinitoa jasho, ile KUUZA ilinilaza macho.

Herufi za mbao zinabaki Ugunja. Ukizitaka, nishinde. Anti ameshachomoa saba za mchezo mpya, zimo humu zimefungwa.

Mjomba wako


Nsambya
12 Septemba 1999

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tuko wazima. Baba amerudi na atakaa mwezi mzima, lori limeharibika gia, na Mama anajifanya amekasirika. Poleni na kuku.

Nimeshindwa. Niliisoma namba hiyo tisa nikiwa Ggaba, nimesimama katikati ya mukene wa Akot, akaniuliza, "Mbona unacheka? Kuna harusi?" Nikamwambia, "Mjomba amenishinda!" Kwa sauti, Mjomba, mpaka wanawake wa meza ya pili wakageuka. Akot akasema watu wa kwetu ni wa ajabu.

Mchezo ulipokuwa umekwisha kabisa, nilifanya jambo moja. Niliuingiza kwenye mashine, zamu zako mbili tangu nilipokuomba usinionee huruma, na herufi zako ulizokuwa ukiziandika nyuma ya kila barua. Nikabonyeza. KUZIBA ilikuwa juu kabisa ya orodha. MPWA nayo. Zote mbili. Hapakuwa na neno moja kubwa kuliko uliloweka. Hukuacha mezani hata pointi moja. Ambroise alitazama skrini, akatazama barua yako, akasema polepole, "Uyu muzee, mashini iko ku kichwa yake." Nikamwambia iko, ila huwa anaizima akitaka.

Hakuna aliyewahi kunipa heshima kubwa kama hiyo. Mfuko wa bluu bado unaning'inia tupu. Nautazama kila siku, na hauniumi.

Sasa ombi langu. Jana alikuja mama wa watoto wanne kupimia sare, na Mama yangu, pini mdomoni, akaanza: "Huyu ndiye aliyemshinda mjomba wake..." Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona jinsi alivyoinua kidevu. Alikuwepo zile siku za sifuri, Mjomba. Yeye ndiye aliyenipeleka kuombewa. Kwake ile soda ya Desemba haikuwa ya mchezo, ingawa hajui.

Kwa hiyo usimwambie. Si habari ya KITANDA, si namba za pembeni, na UVUMBUZI usilitaje kabisa. Madaftari nimeyaweka mahali ambapo sigiri haifiki. Na kama Anti Rosalba amesoma barua hii kabla yako, na najua amesoma, mwombe naye afunge mdomo kwa ule uji wake wa ugali. Ukimtoa Ambroise, tuwe watatu tu.

Neno langu la kwanza la mchezo mpya ni SIRI. Sentensi unayo.

Akeyo